Kuruka Nunavut na Canadian North: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu si wa shirika lenyewe. Umeandikwa kwa ajili ya Mswahili aliyepata kazi, mkataba wa uuguzi au safari ya kikazi kaskazini ya mbali ya Kanada, na kwa ndugu zake wanaomuuliza maswali kwenye simu. Ratiba na bei hubadilika, kwa hiyo hizo zithibitishe kwa shirika kabla hujalipa.

## Mambo ya msingi

Nunavut ni wapi, na kwa nini huko kila mtu husafiri kwa ndege?

Nunavut ni eneo la kaskazini mashariki mwa Kanada, lililoanzishwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999 baada ya kumegwa kutoka Northwest Territories. Kwa ukubwa linazidi kilomita za mraba milioni mbili, yaani Tanzania mara mbili na ziada, lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu wasiofika 37,000. Wengi wao ni Wainuit, wenyeji wa asili wa huko. Wanaishi katika miji na vijiji 25, na hakuna barabara inayounganisha hata viwili kati ya hivyo, wala inayoteremka kusini. Reli hakuna. Meli hufika majira ya joto tu, barafu ya baharini ikishayeyuka.

Kinachobaki ni ndege. Watoto wa shule wanaokwenda mashindanoni, hakimu anayezunguka kusikiliza kesi, fundi wa jenereta, jeneza la marehemu anayerudishwa kuzikwa kwao, katoni ya maziwa: vyote hupitia kiwanja kimoja na mara nyingi ndege moja. Ukilishika hili, majibu mengi yanayofuata hayatakushangaza.

Canadian North ni shirika gani? Mbona wazee wanataja First Air?

Ni mashirika mawili yaliyoungana. First Air lilianza 1946 kwa jina la Bradley Air Services, na tangu 1990 lilimilikiwa na Makivik, taasisi ya Wainuit wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec. Canadian North lilikuwa mali ya Wainuvialuit, Wainuit wa magharibi. Kwa miaka mingi yalishindana kwenye njia zilezile, kila moja likirusha ndege iliyojaa nusu. Serikali ya Kanada iliridhia muungano wao Juni 2019, ikaweka masharti kuhusu nauli na idadi ya safari, na jina la Canadian North ndilo likabaki. Mwaka 2023 masharti hayo yalilegezwa.

Bado ni mali ya Wainuit?

Hapana. Mwaka 2025 liliuzwa kwa Exchange Income Corporation, kampuni yenye makao Winnipeg, kwa dola za Kanada milioni 205. Kampuni hiyo ilikuwa tayari inamiliki Calm Air, linalohudumia upande wa Kivalliq, magharibi mwa Ghuba ya Hudson. Kwa hiyo sasa sehemu kubwa ya anga la Nunavut iko chini ya mwenye mali mmoja. Wanaotetea uuzaji wanasema shirika linahitaji mtaji wa kubadilisha ndege zilizozeeka, na hilo ni kweli. Lakini shirika la wenyeji, hata likitoza ghali, lilikuwa na wakubwa ambao mtu angeweza kuwabana kwenye mkutano wa jamii yake.

Air Inuit, lililoanzishwa 1978, bado ni la Makivik, na kazi yake kubwa ni vijiji 14 vya Nunavik. Usiyachanganye wakati wa kununua tiketi.

Ndege zake zinafika wapi?

Mlango mkuu wa mashariki ni Ottawa, na kutoka hapo hadi Iqaluit, makao makuu ya Nunavut, ni mwendo wa saa tatu hivi. Mlango wa magharibi ni Edmonton, kupitia Yellowknife. Ukishafika Iqaluit unabadilisha ndege kwenda vijiji vya kisiwa cha Baffin na jirani zake: Pangnirtung, Pond Inlet, Igloolik, Kinngait na vingine.

Angalia majina. Kinngait iliitwa Cape Dorset, Sanirajak iliitwa Hall Beach, na Iqaluit yenyewe ilikuwa Frobisher Bay hadi 1987. Herufi za kiwanja chake bado ni YFB, na ndizo utakazoziona kwenye begi lako.

## Nauli

Kwa nini tiketi ni ghali kuliko ya kwenda Nairobi au Dar es Salaam?

Swali hili halikosekani, na hesabu yenyewe ni ya kweli: kwenda na kurudi kati ya Ottawa na Iqaluit kunaweza kuvuka dola 2,000, na kijiji cha mbele zaidi kikaongeza nyingine nyingi.

Sababu ya kwanza ni uchache wa watu. Ndege ya kwenda Nairobi inagawa gharama zake kwa mamia ya abiria. Ya kwenda kijiji cha Clyde River inazigawa kwa watu kadhaa, halafu inalipa rubani, fundi na bima ileile. Ya pili ni mafuta: mafuta ya ndege huletwa vijijini kwa meli wakati wa majira ya joto na kuhifadhiwa kwenye matangi kwa mwaka mzima. Ya tatu ni safari zinazoshindikana. Ndege ikiruka, ikakuta ukungu, ikarudi ilikotoka, imechoma mafuta yote na haijamfikisha mtu. Na ya nne ni kwamba kwenye njia nyingi mshindani hayupo. Shirika hutaja tatu za mwanzo kwa sauti kubwa, na hiyo ya nne wateja hujisemea wenyewe.

Nani hasa analipa nauli hizo?

Mara nyingi si aliyekaa kwenye kiti. Serikali ya Nunavut ndiyo mteja mkubwa, kwa safari za watumishi wake na za wagonjwa (tazama sehemu ya wagonjwa chini). Migodi nayo hukodi ndege kwa wafanyakazi wake wa zamu. Anayeumia ni yule anayelipa mfukoni, kwa mfano mwenye duka dogo, au binti anayetaka kumwona bibi yake kijiji cha tatu.

Kwa hiyo ukipewa kazi huko, kabla ya kusaini uliza swali moja: mkataba unalipia safari ngapi za kwenda kusini kwa mwaka, na je, za familia zimo? Mshahara unaoonekana mnono huyeyuka upesi ukianza kujinunulia tiketi.

Kuna namna ya kupata nauli nafuu?

Zipo nauli maalumu kwa Wainuit waliosajiliwa chini ya mikataba ya ardhi, kama ule wa Nunavut wa 1993. Wewe mgeni hazikuhusu. Kwako dawa ni kununua mapema, kukubali tiketi isiyobadilishwa tarehe, na kuwa mwepesi wa siku.

## Ndege na viwanja

Nitapanda ndege ya aina gani?

Kutoka Ottawa utapanda Boeing 737, ndege ya kawaida tu. Kutoka Iqaluit kwenda vijijini ni ATR 42 au ATR 72, zenye mapangaboi mawili. Aliyewahi kuruka na Precision Air kwenda Mwanza anazifahamu.

Tofauti utaiona ndani. Nyingi zimegawanywa kwa ukuta unaohamishika: shehena mbele, nyuma ya marubani, na abiria nyuma, ambako ndiko mlango wao uliko. Wiki ya mizigo mingi, ukuta unarudishwa nyuma na viti vinapungua. Unaweza kukaa safu ya kwanza na hatua mbili mbele yako, ng'ambo ya ukuta, kuna matairi, nepi na vipuri vya pikipiki ya theluji.

Kwa nini jeti haziendi kila kijiji?

Kwa sababu ya changarawe. Viwanja vyenye lami Nunavut ni vya kuhesabu, na vinavyojulikana ni Iqaluit na Rankin Inlet. Vingine ni changarawe iliyoshindiliwa. Ardhi ya chini ni barafu ya kudumu, na lami nyeusi hunyonya joto la jua, barafu ikalainika, njia ikabonyea. Kujenga kunawezekana, ila si kwa bei ya kawaida.

Zamani Boeing 737-200 ilitua kwenye changarawe ikiwa na vifaa maalumu: kinga nyuma ya gurudumu la pua ya kuzuia mawe yasirushwe, na mirija chini ya injini inayopuliza hewa ili kokoto zisivutwe ndani. Zile ndege zimezeeka. Boeing mpya zina injini pana zilizokaa karibu mno na ardhi, na vifaa vile havikutengenezwa kwa ajili yake. Ndiyo maana kuna sehemu zilizowahi kupata jeti na leo zinapata pangaboi. Ni nadra kuona maendeleo ya teknolojia yakirudisha kijiji nyuma, lakini hapa ndivyo ilivyotokea.

Kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ndege inaruka kweli?

Inaruka, na inaruka vizuri. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo mabawa na injini hupata nguvu zaidi, jambo jema kwenye njia fupi. Kazi kubwa iko ardhini, ambako injini hupashwa moto kwa mabomba ya hewa kabla ya kuwashwa na mabawa hunyunyiziwa dawa ya kuondoa barafu. Iqaluit ni baridi kiasi kwamba Airbus waliipeleka A380 yao huko Februari 2006 kuijaribu.

Baridi ina ujanja wake mmoja. Kipima kimo hudanganyika na kuonyesha ndege iko juu kuliko ilivyo kweli, hivyo marubani huongeza masahihisho kwenye hesabu za kutua, hasa kwenye vijiji vilivyozungukwa na milima.

Ni kweli dira haifanyi kazi huko?

Ya sumaku haitegemewi. Ncha ya sumaku iko karibu, sindano inayumba. Kwa hiyo katika anga la kaskazini la Kanada marubani hutumia kaskazini ya kweli, ile ya ramani, na hata namba zilizochorwa kwenye njia za kurukia zimepangwa hivyo.

Je, ni salama?

Kwa ujumla ndiyo, na marubani wa huko hawaoni aibu kugeuza ndege. Ajali iliyotikisa eneo zima ni ya tarehe 20 Agosti 2011: Boeing 737-200 ya First Air, safari ya kukodi kutoka Yellowknife, iligonga kilima karibu na kiwanja cha Resolute Bay. Kati ya watu 15 waliokuwemo, 12 walifariki. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Kanada ulionyesha mlolongo wa mambo, likiwemo kosa la mwelekeo kwenye mfumo wa dira (tazama jibu lililotangulia) na marubani wawili waliokuwa na picha mbili tofauti za mahali walipo. Wanajeshi waliokuwa wamepiga kambi hapo kwa mazoezi ndio waliowahi kuwafikia walionusurika.

## Hali ya hewa na kukwama

Safari yangu imefutwa kwa sababu ya hewa. Nifanye nini?

Kwanza, usigombane na dada wa kaunta. Dhoruba ya theluji inaweza kufunga kiwanja siku mbili tatu, na yeye hana uwezo nayo. Hakikisha una namba yako ya simu kwenye tiketi, uliza umepangwa safari ipi, kisha tafuta pa kulala kabla wenzako hawajawahi. Vijiji vingi vina hoteli moja tu, na chumba hushirikishwa na mgeni usiyemjua. Hilo huko ni kawaida.

Safari ya kurejea Afrika Mashariki ipange ukiacha nafasi. Asiweke mtu tiketi ya Ottawa kwenda Nairobi jioni ileile anayotarajia kutoka Igloolik. Lala Ottawa angalau usiku mmoja, na majira ya baridi weka miwili.

Nitalipwa fidia?

Kwa hewa mbaya, hapana. Kanuni za Kanada za kumlinda abiria, zilizoanza 2019, zinahesabu hewa kuwa nje ya uwezo wa shirika. Halilazimiki kukulipa, wala kukupa hoteli au chakula. Linalazimika kukupa safari nyingine, na tangu Septemba 2022, likishindwa kukupangia ndani ya saa 48 una haki ya kudai nauli yako.

Likichelewa kwa kosa lake mwenyewe, lisilohusu usalama, hesabu ni nyingine. Mashirika madogo hulipa dola 125 ukichelewa kufika kwa saa tatu hadi sita, 250 kwa saa sita hadi tisa, na 500 kuanzia tisa. Canadian North liko kwenye kundi hilo dogo.

Mimi nimefika, begi halijafika. Limeibiwa?

Karibu kila mara halijaibiwa. Ndege ndogo ina kikomo cha uzito. Siku ya ukungu rubani hubeba mafuta ya ziada ili aweze kwenda kiwanja mbadala, na uzito huo hutolewa kwenye mizigo. Begi huja safari ifuatayo. Kwa hiyo dawa, chaja, nguo za ndani na hati zote viwe kwenye mkoba wa mkononi. Koti zito livae, usilifungashe: utatembea kwa miguu kutoka kwenye ndege hadi jengoni.

Mbona kijijini sikukaguliwa?

Katika viwanja vingi vidogo hakuna mashine za ukaguzi. Unapima mzigo, unaitwa, unatoka nje. Ukaguzi utaukuta Iqaluit kabla ya kupanda ndege ya kusini, kwa hiyo kisu ulichokisahau kwenye mkoba kitakuumbua hapo.

## Mizigo, chakula na vinavyokatazwa

Kwa nini watu wanasafiri na madeli ya plastiki?

Deli, lile sanduku la kutunzia ubaridi, ndilo sanduku la safari la kaskazini. Likishuka kusini limebeba samaki, nyama ya karibou (kulungu wa kaskazini) au ya nyangumi kwa ndugu wanaosoma au kutibiwa Ottawa. Likirudi limejaa matunda, mboga na nyama ya dukani. Nawe nunua la kwako, maana hakuna namna rahisi zaidi ya kufika na pilipili, ndizi za kupika na bamia. Lifunge kwa utepe wa gundi na uandike jina pande zote, kwani yote yanafanana.

Chakula kinakuja vipi, na kwa nini ni ghali?

Vinavyooza huja kwa ndege mwaka mzima. Visivyooza, magari, saruji na mafuta huja kwa meli kati ya Julai na Oktoba hivi. Wenyeji wenye uwezo huagiza unga, mchele na sabuni za mwaka mzima kwa meli, na ukikaa muda mrefu nawe fanya hivyo.

Tangu Aprili 2011 serikali kuu ina mpango uitwao Nutrition North Canada, unaowalipa wafanyabiashara ruzuku kwa kila kilo ya vyakula vilivyoorodheshwa ili washushe bei. Malalamiko hayajaisha, kwa sababu ruzuku inapita mkononi mwa muuzaji kwanza. Ikumbukwe pia kwamba kampuni kubwa ya maduka huko, North West Company, ina shirika lake la ndege, North Star Air, tangu 2017.

Naweza kubeba pombe?

Inategemea kijiji. Kila jamii hupiga kura yake: kuna zilizopiga marufuku kabisa, kuna zenye kamati inayotoa vibali, na kuna zilizo huru. Chupa moja kwenye begi lako inaweza kuwa kosa kisheria ukishuka kijiji kimoja na halali kijiji jirani. Uliza mwajiri wako kabla ya safari.

Nataka kurudi nyumbani na zawadi ya ngozi ya sili au kinyago cha pembe. Inaruhusiwa?

Ndani ya Kanada, bila tabu kubwa. Nje ya Kanada angalia mambo mawili. Pembe ya nyangumi aitwaye narwhal, meno ya walrasi na ngozi ya dubu mweupe vinahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Pili, Marekani inazuia kuingiza bidhaa za wanyama wa baharini, pamoja na ngozi ya sili, kwa sheria yake ya 1972. Ukipitia New York kwenda Nairobi, forodha wanaweza kukunyang'anya. Kinyago cha jiwe hakina maneno.

## Wagonjwa na wajawazito

Nikiugua kijijini itakuwaje?

Kila kijiji kina kituo cha afya chenye wauguzi. Hospitali iko Iqaluit, na yanayoishinda hupelekwa Ottawa. Wa Kivalliq hupelekwa Winnipeg, na wa magharibi Yellowknife au Edmonton. Mgonjwa anayeweza kukaa kitini hupanda ndege ya abiria kama wengine, mara nyingi na msindikizaji. Mahututi hufuatwa na ndege maalumu ya wagonjwa, nayo pia inasubiri hewa itulie. Muuguzi mgeni ajiandae kwa hilo: unaweza kukaa na mgonjwa usiku kucha huku daktari akiwa kwenye simu tu.

Mjamzito anajifungulia wapi?

Vijiji vingi havina huduma ya uzazi. Mama huondoka kwao karibu wiki ya 36, anakwenda Iqaluit au kusini, anasubiri huko hadi ajifungue. Wenye watoto wengine huwaacha kwa shangazi au bibi. Wainuit wamelalamikia utaratibu huu kwa miongo, na wana haki. Ukiwa mjamzito na una mkataba huko, panga tarehe na mwajiri mapema.

## Maswali ya pembeni

Kijiji cha mwisho kabisa ni kipi, na kinafikika?

Ni Grise Fiord, kwa Kiinuktitut Aujuittuq, nyuzi 76 kaskazini, chenye watu 144 kwa sensa ya 2021. Familia za mwanzo hazikuchagua kukaa huko: serikali ilianza kuzihamisha kutoka kusini mwaka 1953, na iliomba radhi rasmi mwaka 2010. Njia ya ndege ni changarawe ya mita 500 hivi, chini ya mlima, kwa hiyo ATR haitui. Huko huenda Twin Otter, ndege ndogo inayotua kwenye njia fupi, kutoka Resolute Bay. Hewa ikikataa, subira ni ya siku.

Saa za kwenye tiketi mbona hazilingani?

Nunavut ina kanda tatu za saa. Tiketi huonyesha saa ya mahali husika, kuondoka na kufika.

Kuna msikiti?

Upo Iqaluit, tangu Februari 2016. Mji huo uko kusini kidogo ya mstari wa Aktiki, kwa hiyo jua huzama hata Juni, ingawa kwa saa chache. Vijiji vya juu zaidi halizami kwa majuma kadhaa, na nyakati za swala na funga itabidi uwaulize wenyeji wa msikiti wanafuata kauli ipi.

Naweza kuunganisha kutoka Iqaluit kwenda Greenland?

Majira ya joto ya 2024 Air Greenland, kwa ushirikiano na Canadian North, lilirudisha safari kati ya Nuuk na Iqaluit. Angalia ratiba ya mwaka unaosafiri. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania ajue kwamba Greenland haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja: viza ya Denmark lazima iandikwe kuwa inafaa Greenland. Na kabla ya kuvuka hakikisha viza yako ya Kanada inaruhusu kuingia tena, la sivyo utakwama Nuuk na vitu vyako vikiwa Iqaluit.